Nusu ya Kuonana

Waraka ni nusu ya kuonana. Ndivyo walivyosema wazee, na methali yao imedumu vinywani mwa watu hata leo, ambapo nyaraka zenyewe zimekuwa adimu. Wengi huitaja kama sifa ya waraka, na sifa kweli inastahili. Mtu aliyetengwa na nduguye kwa bahari nzima, akaletewa karatasi yenye mwandiko anaoujua, hana haja ya kufundishwa thamani yake. Lakini methali hii ni mizani pia. Haikusema kuwa waraka ni kuonana, wala haikusema kuwa waraka si kitu. Ilipima, ikakata katikati, ikatoa hukumu ya nusu, kisha ikanyamaza. Nusu ya pili haikutajwa jina. Je, ni nini?

Swali hili laweza kudhaniwa kuwa ni mchezo wa maneno. Walakini kila chombo cha mawasiliano kilichobuniwa tangu methali hiyo iliposemwa kimekuja na ahadi ya kuirudisha ile nusu iliyopungua. Kwa karne nyingi habari za pwani zilikwenda na kurudi kwa pepo za msimu. Aliyeandika kutoka Unguja kwenda Maskati alijua kuwa jibu halina njia mpaka upepo ugeuke. Mwaka 1879 waya ulitandazwa chini ya bahari kutoka Aden hadi Unguja, na watu wakauita simu, neno ambalo asili yake kwa Kiajemi ni waya. Waya ulileta wepesi. Simu ya kusema, ambayo Alexander Graham Bell alipata hataza yake Marekani mwaka 1876, ilileta sauti. Programu ya WhatsApp, iliyoanza mwaka 2009 na kuongezewa mwaka 2016 uwezo wa kuwaonyesha wasemaji nyuso zao, ilileta sura. Kama nusu iliyokosekana ilikuwa wepesi, au sauti, au sura, basi deni limekwisha kulipwa, na kuonana kumekamilika bila ya mtu kuinuka kitini pake.

Hapana mtu mwenye akili timamu atakayekiri hivyo, lakini wengi watashindwa kueleza kwa nini hawakiri. Hudhani ni mazoea tu, au ni ukaidi wa wazee. Ili sababu ionekane, yafaa jambo lipimwe mahali ambapo udhaifu wake hauwezi kufichwa, nao ni msiba.

Kiswahili cha pwani kina kitenzi kuhani. Kuhani ni kwenda kwa mfiwa kumpa pole. Kwenda kumo ndani ya maana ya neno, kama vile maji yalivyomo ndani ya maana ya kuoga. Aliyetuma salamu za rambirambi ametuma, na ni mwema. Lakini kwa maana ya asili hakuhani. Siku hizi husikika watu wakisema wamemhani fulani kwa simu. Lugha ina uvumilivu mwingi, nayo huenda ikaizoea maana hii mpya kama ilivyozoea nyingine. Hata hivyo ni vyema kuuliza ni kitu gani kilichotolewa ndani ya neno ili lipate kuingia katika chombo kidogo kiasi hicho.

Mtu atazame kwa makini anachokifanya aliyekwenda kuhani. Kwa mtazamo wa mgeni ni kidogo mno. Huja, hubisha hodi kwa sauti ya chini, huvua viatu, huketi juu ya jamvi pamoja na waliotangulia. Husema “Makiwa,” neno ambalo ni wingi wa ukiwa, kana kwamba upweke wa mfiwa ni mwingi hata hauhesabiki kwa umoja. Baada ya hapo, aghalabu, hana la kusema. Huketi. Hupewa kahawa. Pembeni yake wazee wawili wanazungumza habari ya bei ya sukari, na vijana barazani wanabishana juu ya mpira kwa kunong’ona. Siku ya tatu hata kicheko husikika, maana marehemu alikuwa na visa vyake na sasa vinasimuliwa. Ndani, wanawake wamemzunguka mfiwa. Mmoja amemshika mkono tangu asubuhi, naye hajatamka maneno kumi. Uani, masufuria ya kuazima yamepangwa juu ya mafiga, na jirani ambaye hakuwa akisemezana na nyumba hii tangu mwaka jana anachambua mchele. Mgeni akiulizwa watu hawa wanafanya nini, atajibu kuwa hawafanyi kitu, wanapoteza wakati.

Kumbe wanafanya jambo zito. Kila mmoja wao amejiweka mahali ambapo si yeye anayeamua kitakachomfika. Mfiwa anaweza kupiga ukelele, na aliye mbele yake hana pa kuukimbia. Anaweza kuuliza swali lisilo na jibu, naye mgeni hana nafasi ya kwenda kutafuta maneno mazuri kisha arudi. Lazima ajibu kwa uso alio nao wakati ule, au anyamaze kwa uso ule ule. Anaweza kusema, “Alipokuwa mgonjwa hukuja,” na aliyeambiwa hivyo ataubeba mzigo huo hadharani. Wala hawezi kuondoka mara. Adabu ina kipimo chake cha kukaa, kisichoandikwa popote na kisichosahauliwa na mtu. Akilia ataonekana. Asipolia ataonekana pia. Uso umeumbwa na haya, na haya ndiyo dhamana ambayo mwenye kuhani huiweka mikononi mwa mfiwa.

Hapa ndipo nusu isiyotajwa hujitokeza. Si sauti, wala sura, wala harufu ya ubani inayofukizwa, ingawa vyote hivyo vimo. Ni kujikabidhi. Wawili walioonana ana kwa ana kila mmoja amempa mwenziwe sehemu ya mamlaka aliyo nayo juu ya nafsi yake: mamlaka ya kuchagua saa, ya kuchagua neno, ya kuchagua kuondoka. Waraka ulikuwa nusu kwa kuwa mwandishi alitoa moyo wake lakini akabaki na mamlaka hayo yote. Aliandika alipotaka, akafuta alipotaka, akaufunga alipotaka. Chombo cha leo kimezidisha wepesi, sauti na sura kwa kiasi ambacho wazee wasingekiamini, lakini mamlaka hayo hakikuyagusa, bali kimeyaimarisha. Anayetuma pole kwa simu huweza kuituma akiwa katikati ya chakula. Huweza kunakili maneno ya aliyetangulia na kuyabandika yalivyo, pamoja na picha ndogo ya mikono iliyokutanishwa. Akipigiwa na mfiwa usiku huweza kuiacha simu ilie. Vistari viwili vya buluu hushuhudia kuwa ujumbe umesomwa. Havishuhudii kuwa aliyeusoma ameguswa, na chombo hakidai hivyo.

Wanafunzi wa falsafa watakumbuka kuwa shitaka la namna hii ni la kale. Katika kitabu cha Phaedrus, Plato anamfanya Socrates asimulie hadithi ya Theuth, mungu wa Misri aliyebuni herufi, na mfalme Thamus aliyezikataa kwa hofu kwamba watu watasahau kwa kuzitegemea. Sehemu hiyo ya kusahau ndiyo inayotajwa mno madarasani. Sehemu inayofuata ndiyo yenye faida zaidi hapa: Socrates anayafananisha maandishi na picha iliyochorwa, inayosimama kama kitu hai, lakini ukiiuliza swali hunyamaza. Mtetezi wa simu atacheka. Atasema kuwa simu hujibu, tena hujibu upesi kuliko mtu aliye chumba cha pili. Ni kweli. Lakini shitaka laweza kusemwa upya kwa namna ambayo simu haiwezi kuikwepa. Ubaya si kuwa maandishi hayajibu. Ubaya ni kuwa aliyeyatoa haulizwi isipokuwa apende mwenyewe. Emmanuel Levinas, mwanafalsafa wa Ufaransa mzaliwa wa Lithuania, alifundisha katika kitabu chake kikuu cha mwaka 1961 kwamba uso wa mtu mwingine humdai mtu kabla hajakubali kudaiwa. Fundisho hilo limeandikwa kwa lugha ngumu kupita kiasi, na wengi huliacha njiani. Bibi yeyote aliyewahi kukaa matanga angelielewa upesi kuliko wasomi, kama lingesemwa kwa maneno mepesi.

Yako mapingamizi mawili yanayostahili kusikilizwa. La kwanza lasema: mwili kuwepo si dhamana ya lolote. Wangapi wamekwenda kuhani kwa ajili ya pilau? Wangapi wameketi jamvini na mioyo yao iko sokoni? Pingamizi hili ni la haki, na sayansi imelipa ushahidi wa ajabu. Katika miaka ya 1970 mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Tronick, pamoja na wenziwe, waliwataka akina mama wacheze na watoto wao wachanga kama kawaida, kisha kwa muda wa dakika chache wakae mbele yao kwa uso uliokauka, bila kutabasamu wala kuitikia. Mama hakuondoka. Macho yake yalikuwa pale pale mbele ya mtoto. Mtoto kwanza alijaribu kumvuta kwa tabasamu na kwa mikono. Alipoona haitikiwi alitaabika, akageuza uso. Kiumbe wa miezi michache, asiyejua neno hata moja, alikwisha kujua tofauti ya mtu aliyepo na mtu anayeitikia.

Ushahidi huo hauitetei simu. Unaishitaki mara ya pili. Unaonyesha kuwa kuonana ni kuitikiana, na kwamba uso mkavu unaweza kukaa ndani ya kuonana kwenyewe na kukuharibu. Ndivyo ilivyo sasa katika baraza nyingi. Watu wamefika, miili imo, lakini kila mmoja ameinamia kioo chake, na mfiwa akiinua macho hukuta paji za nyuso. Huyu aliyeondoka nyumbani kwake, akapanda daladala, akavuka mji mzima ili aje kujikabidhi, ameyarudisha mamlaka yake mfukoni akiwa mlangoni. Amekuja na nusu tu ya kuonana, na safari hii si nusu ya waraka, kwa kuwa waraka angalau ulikuwa na maneno.

Isidhaniwe hata hivyo kuwa kosa ni la chombo kwa kuwa ni chombo. Mbiu ilikuwa chombo. Ikilia, watu walitoka majumbani. Redio ilipoenea Afrika Mashariki, matangazo ya vifo yakawa sehemu ya vipindi vyake. Watu walinyamazishana jikoni wasikie majina, na waliomjua marehemu walifunga safari usiku ule ule. Simu ya mkononi nayo hufanya kazi hiyo vizuri kuliko vyote vilivyotangulia: maiti wa pwani huzikwa upesi, na lau si simu wengi wangefika kaburini udongo umekwisha kukauka. Chombo kilichompeleka mtu mlangoni kimetimiza wajibu wake. Ugomvi unaanzia pale kinapomwambia kuwa mlango hauna haja.

Fedha zinaeleza jambo hili kuliko maneno. Kuchangia msiba ni desturi ya zamani, nayo ni desturi ya busara, kwa maana kifo humkuta mtu bila akiba. Zamani mchango ulitiwa katika kiganja wakati wa kupeana mikono, umekunjwa mara nyingi hata aliyepokea asijue ni kiasi gani mpaka wageni watawanyike. Huduma ya M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, na Tanzania mwaka uliofuata, ikawezekana mchango kufika bila kiganja. Faida yake ni kubwa. Hapana haja ya kuipunguza. Lakini pamoja na faida hiyo limezaliwa jambo jingine. Kundi la msiba huundwa katika simu, mweka hazina huteuliwa, na kila jioni hubandikwa orodha: jina, kiasi, jina, kiasi. Aliyetoa kidogo huonekana na mia mbili. Aliyetoa kikubwa huonekana pia, na hujiona amemaliza. Jina lake limo, alama ya kulipa imewekwa, na dhamiri yake imepewa risiti. Kile kilichokuwa kisingizio kizuri cha kwenda kushikana mikono kimekuwa kisingizio kizuri cha kutokwenda. Mfiwa amepata sanda, mchele na gari la kubebea maiti. Lakini siku ya tano, watu wakiisha kuondoka, hana aliyebaki wa kuketi naye kimya, na kwa mjane mwenye eda ya miezi 4 na siku 10 siku ya tano ni alfajiri tu.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo halina jibu la wepesi. Yuko mtu ambaye hawezi kuja. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 Wazanzibari wengi walitawanyika, na baada ya mwaka 1970, Sultani Qaboos alipotwaa madaraka, wengi walikwenda kuishi Omani, ambako Kiswahili kingali kinasemwa katika nyumba zao. Ndugu wa tumbo moja wamezeeka huku bahari ikiwa kati yao. Kadhalika wako wasichana wa Kenya, Uganda na Tanzania wanaofanya kazi za nyumbani katika nchi za Ghuba chini ya utaratibu wa kafala, ambao humfunga mfanyakazi kwa mwajiri wake. Mama akifariki Kilifi au Tanga, binti hatoki kwa sababu tu amefiwa. Katika mwaka 2020, maradhi ya Uviko yalipoenea, serikali kadhaa, ya Kenya mojawapo, ziliweka kikomo cha idadi ya watu mazishini, na watu waliokaa mtaa mmoja na marehemu wakamsindikiza kwa kioo.

Mtu anayesema kuwa pole ya simu ni uongo atawaambia nini watu hawa? Binti wa Ghuba anayeomba simu ishikwe karibu na jeneza, ili aone uso wa mama yake kabla haujafunikwa, hana alichobakiza. Saa si yake; huenda ameiba dakika hizo jikoni kwa mwajiri. Kuondoka hakumo katika uwezo wake, maana kama angaliweza kuondoka angaliondoka kuja. Machozi yake yanaonekana na ukoo mzima. Amejikabidhi kadiri kiumbe awezavyo. Kama nusu ya pili ni kujikabidhi, basi huyu, kwa njia ya kioo, amekaribia kuonana kuliko yule aliyeketi barazani na macho yake yamo mfukoni mwa kanzu.

Kwa hiyo haitoshi kuuliza kama mtu alikuja au alituma. Yapasa kuulizwa kilichomzuia. Na hapo ndipo madhara makubwa ya chombo yalipo, madhara ambayo hayatajwi sana kwa kuwa hayampati anayekitumia. Zamani aliyeleta waraka wa rambirambi alijulikana kwa waraka wenyewe kuwa yuko mbali. Karatasi, stempu, tarehe ya wiki tatu nyuma, vyote vilitoa ushahidi kwa niaba yake: huyu angekuja, bahari imemzuia. Nusu yake ilipokewa kwa heshima kwa sababu ilieleweka kuwa ndiyo yote aliyoweza. Sasa aliye mtaa wa tatu, mzima wa afya, asiye na udhuru ila uvivu wa jioni na hofu ya kutazama uso wenye majonzi, huitwaa nusu ile ile na kuituma kama yake. Tangu mwaka ule wa maradhi baadhi ya watu wamefanya ruhusa ya dharura kuwa desturi ya kudumu. Huyu wa karibu hamkoseshi mfiwa peke yake. Humnyang’anya aliye mbali kitu pekee alichokuwa nacho, kwa kuwa nusu ikitolewa na kila mtu hushuka thamani mikononi mwa yule asiye na nyingine.

Kutegemea chombo kidogo zaidi, basi, si shauri la kumwambia binti wa Ghuba, wala mzee wa Maskati ambaye hatasafiri tena. Ni shauri la walio karibu, na ni kwa haki ya walio mbali kama ilivyo kwa haki ya mfiwa. Anayeweza kufika kwa miguu afike, aiache simu kibandani kwa muuza kahawa kama hawezi kuizuia, akae kipimo chake cha adabu na azidishe kidogo, arudi siku ya tano, arudi siku ya kumi. Wala asitafute la kusema. Wengi hukimbilia simu kwa sababu njema kabisa: wanaogopa kukosa maneno. Hawajui kuwa maneno ndiyo sehemu ambayo simu inaiweza.

Usiku, wageni wakiisha kutawanyika na majamvi kukunjwa nusu, mfiwa hufungua simu yake. Salamu ni nyingi, zimepangana moja chini ya nyingine. Mbili zinafuatana. Maneno yake ni yale yale, “Pole sana, Mungu akupe subira,” na picha ya mikono ni ile ile. Moja imetoka Maskati, kwa mtu aliyeandika huku mkono unamtetemeka. Nyingine imetoka mtaa wa tatu. Kioo hakionyeshi bahari. Mfiwa huzisoma zote mbili, huzijibu zote mbili kwa neno moja, asante, kisha huweka simu chini na kutega sikio kama yuko mtu aliyebaki barazani.